Madam Aliyejenga Kila Kitu Mara Nne

Jumapili, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, mvua imeacha sasa hivi tu, na jogoo niliyetumwa kumnunua sokoni Lubao amefungwa mguu kwenye mpera. Ndani wageni wa baba wanacheka. Naanza kuandika sasa kwa sababu leo nimekutana na Madam, na nikilala bila kuandika, kesho nitamkumbuka vile nilivyomwona leo tu. Hiyo sitaki.

Jina lake sitaliandika. Hata shuleni hakuna aliyelitumia. Kwetu walimu wote wa kike ni Madam, kisha unaongeza somo: Madam wa Kemia, Madam wa Kiswahili. Yeye alifundisha fizikia na kompyuta, lakini ukisema "Madam" peke yake, bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni nani unayemsema.

Alikuwa mrefu, mtu wa Matungu, mwenye mtandio kichwani na raba nyeupe miguuni, kwa sababu alisema viatu vya visigino vinapiga kelele na yeye anasikiliza. Asubuhi alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu akasema "Asalaam aleikum," na hakuingia mpaka ajibiwe. Mwanzoni walimu walitazamana. Baada ya muda hata Mwalimu wa Dini, ambaye ni mzee wa kanisa, akawa anajibu "Aleikum salaam" bila kuinua macho kwenye madaftari anayosahihisha.

Nilimfahamu kwa sababu ya uoga wangu. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka wa 1998, na siku za mjadala nilikuwa najificha. Mimi nikisimamishwa mbele ya watu, koo linajifunga kama mfuko uliovutwa kamba. Siku hiyo nilijificha chumba cha kompyuta, chini ya meza, na nikaona raba nyeupe zimesimama mbele ya pua yangu.

"Hapo chini kuna nini?"

"Hakuna, Madam."

"Basi toka hapo kwa hakuna, uje uketi huku kwenye kuna. Unajua kusoma?"

"Ndio, Madam."

"Soma hii. Kwa sauti."

Skrini ilikuwa imejaa Kiingereza cha hasira, mistari kwa mistari, kila mmoja ukilalamika kuhusu mabano na alama zilizokosekana. Nikaanza kunong'ona kutoka chini, kwa sababu mstari wa mwisho ndio ulikuwa karibu na macho yangu.

"Hapana. Panda juu. Mnaanzanga mwisho kwa nini? Soma kosa la kwanza, hayo mengine yaache."

"Ni mengi, Madam. Yanafika hata..."

"Usinihesabie. Kosa la kwanza ndilo lilizaa hayo mengine. Mimi naongea na mama yao."

Nilisoma kosa la kwanza. Aliketi, akaongeza alama moja ndogo ambayo hata sikuiona, akaanzisha tena, na yale mengine yote yakatoweka. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nyumbani kwetu makosa yakishaanza kutajwa, kila moja linajibiwa kivyake mpaka usiku.

Tangu hapo nikawa msomaji wake. Macho yake yalikuwa yanasumbuka na zile herufi ndogo za kijani, na miwani aliikataa, sijui kwa nini. Alisema miwani ni ya wazee, ilhali alikuwa anajiita mzee kila akipanda ngazi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani chumba cha kushonea. Meza zilikuwa zile zile za vyerehani, bado zina kanyagio za chuma chini, na ukiandika kwenye kibodi mguu wako ulikuwa unakanyaga wenyewe, kra-kra, kra-kra, bila kushona kitu. Juu ya meza kulikuwa na mashine nne. Hakuna mbili zilizofanana, kwa sababu zote zilikuwa za msaada, na mtu anayetoa msaada haulizi una nini tayari. Madam alizipa majina ya sehemu za kwetu. Bukura ilikuwa ya kawaida, kama zile za ofisi za kuchapa barua mjini. Matungu ilikuwa kisanduku kidogo chenye skrini ndani yake, polepole mno, na aliipa jina la kwao ili mtu asiitukane. Lugari ilikuwa kubwa na nzito kama kabati, ilitoka chuo kikuu cha ng'ambo. Aliiita Lugari kwa sababu, alisema, kama yale mashamba ya Lugari, ni mali ya Wazungu ambayo sisi tumegawiwa tukiwa tumechelewa. Shinyalu ndiyo ilikuwa na kasi, na hiyo ndiyo niliyokaliaga mimi.

Kila moja ilikuwa na aina yake ya ubongo, na hapo ndipo kazi yote ilipoanzia. Programu mtu anaiandika kwa maneno yanayosomeka. Mashine haiyasomi hayo maneno. Lazima yageuzwe kuwa namba, na kila aina ya ubongo ina namba zake, hazielewani. Kule kugeuza Madam alikuita kujenga. Ukijenga kwa Bukura, ukiipeleka Lugari ni takataka. Lazima ujenge tena kule kule.

Nilimwuliza kwa nini wasitengeneze ubongo wa aina moja tu.

"Wewe ni Mwisukha?"

"Ndio, Madam."

"Ukienda Bunyore ukaomba maji kwa lugha ya kwenu, watakuelewa?"

"Kiasi."

"Mashine haina kiasi," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Lazima niandike kuhusu radi, kwa sababu bila radi hakuna atakayeelewa kwa nini mtu ajenge programu ile ile mara nne. Kwetu Kakamega jua likishapita kichwani, mawingu yanaanza kupanda kutoka upande wa msitu, na saa tisa ni kama ofisi imefunguliwa huko juu. Radi imepiga ng'ombe, imepiga miti, imepiga nguzo ya goli uwanjani kwetu. Kompyuta inaipenda zaidi, inaifuata kwa waya. Madam alipofika shuleni mashine zilikuwa sita. Mbili zilikuwa zimelala kwenye kona zikiwa na harufu ya kuungua, na alikuwa anazitoa vipuri.

Kwa hiyo kila alichoandika alikijenga kwenye zote nne. Akibadilisha hata neno moja, anajenga tena kwenye zote nne. Alianza na Matungu kwa sababu ndiyo ya polepole, tukaiacha ikihangaika, tukaenda kwa Lugari, kisha Bukura, mwisho Shinyalu. Wasichana wengine walikuwa wanacheka: "Madam, hiyo printa ya kwenye kona imeunganishwa Bukura peke yake. Hizi zingine unazijengea nini na hazina printa?"

"Kesho Bukura akichukuliwa?"

"Nani atamchukua?"

Alinyoosha kidole dirishani. Huko nje kulikuwa na jua kali. "Huyo. Na yeye hatumi barua."

Lakini huyu huyu ndiye alikuwa na mambo yake. Darasani alitueleza radi vizuri kuliko kitabu: chaji, wingu, ardhi, njia fupi. Alisema mambo ya kufunika kioo na kuogopa nguo nyekundu ni ya watu wasiosoma fizikia, radi hainanga macho. Sasa sweta yetu ya shule ni nyekundu. Ikinguruma mara ya kwanza tu, Madam anasimama, anachomoa nyaya zote, anakaa katikati ya chumba mbali na ukuta, anatuambia kwa sauti ya chini: "Vueni sweta."

"Lakini Madam ulisema..."

"Nilisema. Vueni."

Na uvumilivu wake ulikuwa wa upande mmoja. Angeweza kukaa asubuhi nzima akingoja Matungu amalize kujenga, mikono mapajani, bila hata kuguna. Lakini jikoni hakuweza kungoja maji yachemke. Mara moja alitualika nyumba yake ya walimu, mimi na Muhonja, akatupikia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za mrenda. Obusuma ulikuwa mbichi katikati, unga mweupe kabisa. Muhonja, ambaye haoni, aliugusa na kidole. Kisha akasema kwa adabu, "Madam, hii bado haijajengwa." Madam alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Kisha akaurudisha mekoni, na bado hakungoja.

Hakuwa mtu mtamu kila siku. Hili pia nataka liwemo. Hakusifu. Ukipata vizuri alisema "haya" na kusonga mbele. Alikuwa na wasichana aliowapenda na wengine aliowapita kama viti. Msichana akilia mbele yake, alitoka nje ya chumba, akarudi baadaye, na hakuuliza. Mimi nilimwogopa kwa muda mrefu, na nadhani nilimpenda kwa muda huo huo.

Sasa nimetaja Muhonja, nimweleze. Alikuwa mbele yangu darasa moja, kidato cha tatu. Alizaliwa bila kuona. Shule ya msingi alisoma mbali, shule ya wasioona, kisha akaomba aje kwetu kwa sababu mama yake anauza mboga hapa mjini. Nilimwuliza kama kule hakukuwa bora. Akasema, "Kule nilijua kila ukuta. Hapa nataka kujua watu." Anaongea hivyo, kwa haraka, kisha anakucheka kama umebaki ukifikiria.

Shida yake ilikuwa mitihani. Karatasi zilikuja zimechapwa kwa wino, kwa hiyo aliwekwa chumba cha peke yake na mwalimu akamsomea. Historia alifanya vizuri sana. Hisabati haikuwezekana. Jedwali la namba ukisomewa, ukifika safu ya tatu ile ya kwanza imeshatoka kichwani. Alianguka hisabati mihula miwili mfululizo. Mwalimu Mkuu si mtu mbaya, na alimwita pamoja na mama yake akasema ukweli wake: mtihani wa mwisho wa mwaka, ule wa shule zote za wilaya, akianguka tena hisabati, Januari arudi shule ya wasioona ambako kuna vifaa. Mama yake alikubali. Muhonja alitoka ofisini. Alikuja chumba cha kompyuta akakaa kwenye meza ya Bukura akakanyaga ile kanyagio, kra-kra, kra-kra, mpaka Madam akamwambia aache.

Ile printa ya kwenye kona ilikuwa ya nukta nundu. Nayo ilikuwa msaada, na haikuwa imewahi kufanya kazi. Haina wino. Inapiga karatasi ngumu kwa sindano, inainua vinundu ambavyo Muhonja anasoma kwa vidole. Printa kama hiyo inahitaji programu ndogo katikati yake na kompyuta, ya kuijua tabia yake: ukurasa unaanzia wapi, inapumzika lini, herufi hii ni nukta zipi. Programu hiyo inaitwa dereva. Askari wa getini alisikia tukisema Madam anaandika dereva, akauliza ni dereva gani huyo na leseni atampa nani. Dereva wa printa hii alikuja kwenye disketi iliyoharibika. Madam akasema ataandika mwingine, kutoka kwa kitabu cha maelezo, yeye mwenyewe.

Ilimchukua muhula mzima. Alisoma kitabu kile mpaka kurasa zikalegea. Mimi nilisoma makosa, la kwanza tu, kwa mashine nne. Niligundua kwamba mashine zinalalamika tofauti. Bukura alikuwa mvumilivu, alikubali vitu vingi. Shinyalu alikuwa mkali, alinung'unikia namba fupi iliyobebeshwa kitu kirefu, na Madam akasema, "Msikilize huyo. Bukura ananyamaza kwa heshima tu." Sauti yangu ilikua mle ndani bila mimi kujua. Siku moja alisema, "Punguza, mimi si kiziwi," na nikaona aibu kwa furaha.

Siku printa ilipopiga ukurasa wa kwanza kutoka Bukura, kelele ilikuwa kama mtu anapigilia misumari kwenye bati. Sentensi ya majaribio ilikuwa "Habari ya asubuhi." Muhonja akapitisha vidole, akasema, "Nzuri, Madam. Ya kwako?" Tulipiga makofi. Madam akasema "haya." Kisha akajenga tena kwenye zile tatu zingine, zikakubali zote bila kosa hata moja, na akaandika kwa chaki ukutani juu ya kila moja: IMEJENGWA. Juu ya Bukura peke yake akaongeza: NA IMEFANYA.

Nilimwuliza tofauti. "Hizi tatu zimekubali maneno yangu," akasema. "Kama zitayatenda, sijui."

"Si tuhamishe ile waya tujaribu?"

Hapo ndipo alipokosea, na mimi sitamficha. Ile waya ilikuwa imekaza nyuma ya Bukura kwa skrubu zilizoshika kutu. Aliogopa ikikatika hatutapata nyingine. Akasema tuiache, ilivyo inafanya kazi. Yeye, aliyejenga mara nne kwa sababu ya radi, aliacha kujaribu kwa sababu ya skrubu.

Alasiri ya kuamkia mtihani wa hisabati mvua ilikuja bila kunguruma kwanza. Ngurumo na radi vilikuja pamoja. Madam alikuwa amechomoa tatu, mkono wake ukielekea kwa waya wa Bukura. Tuliona mwanga mweupe kwenye soketi na tukasikia kitu kama kofi. Kisha ile harufu. Printa ilikuwa imezimwa kwa sababu ya kelele zake, na ikapona. Bukura hakupona.

Asubuhi yake Mwalimu Mkuu alifungua bahasha ya mtihani mapema, mbele ya Madam. Mimi sikuwa mtahiniwa wa karatasi hiyo, kwa hiyo niliruhusiwa kusaidia, na Muhonja aliruhusiwa kwa ukurasa wa majaribio tu. Zile skrubu zilitoka kwa mafuta ya kupikia na koleo la askari. Waya ukaenda Lugari, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na printa. Madam akatuma "Habari ya asubuhi." Misumari ikapiga. Muhonja akapitisha vidole, akarudia, akakunja uso.

"Ahabiry," akasema polepole. "Asabuhu. Madam, hiki ni Kiarabu cha kwenu?"

Hakuna aliyecheka. Madam alikaa kwenye kiti. Sijawahi kuona mikono yake imekaa ovyo namna ile. Mwalimu Mkuu akatazama saa yake. "Mwalimu, tumsomee tu kama kawaida. Umejaribu."

"Nipe dakika."

"Wenzake wanaanza saa nne."

Nilikuwa nimeshika ule ukurasa. Mimi sijui nukta nundu vizuri, lakini nilikuwa nimesikia alichosoma Muhonja, na kichwani nikawa nayaweka maneno mawili juu na chini. Nilijua. Muhonja alikuwa amesimama kando yangu, na vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua upindo wa sketi yake, na ndivyo nilivyojua kwamba yale masihara ya Kiarabu yalikuwa ya kujikaza tu.

"Madam," nikasema. "Zinabadilishana viti."

"Nini?"

"Herufi. Mbili mbili. Ya pili inakuja mbele, ya kwanza inarudi nyuma. Kila mbili."

Akapiga paja lake. "Lugari! Huyu anabeba mzigo kwa mkono mwingine!" Akanieleza huku anaandika. Ili kwenda haraka, dereva wake alikuwa anabeba herufi mbili kwa pamoja kama namba moja. Bukura huweka upande mdogo wa namba mbele, Lugari huweka ule mkubwa. Wote wawili wamekubali maneno yale yale, wote wameyajenga bila kosa, na kila mmoja akayatenda kwa desturi ya kwao. Akabadilisha mstari ule zibebwe moja moja, polepole lakini kwa mpangilio. Akajenga kwenye Lugari. Muhonja akasoma: "Habari ya asubuhi." Mwalimu Mkuu akasema "Asante Mungu" na akaanza kusukuma karatasi za mtihani mbele.

Na Madam akainuka akaenda kwa Matungu.

"Unaenda wapi tena?"

"Kujenga."

"Mwalimu! Imefanya kazi!"

"Imefanya kwa Lugari. Nikimponya Lugari nikamwua Shinyalu, Lugari akizima katikati ya karatasi nitakimbilia wapi?"

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu!"

"Ndio, Mwalimu Mkuu. Soma, mtoto."

Nikasoma. Hakukuwa na kosa kwa Matungu. Hakukuwa na kosa kwa Shinyalu. Ndipo Madam akarudi Lugari, akauandika mtihani wote humo, na misumari ikapiga. Muhonja alianza akiwa amechelewa, wenzake wakiwa wameshafika swali la tatu, na akaongezewa muda mwishoni. Alikaa na jedwali lake mbele yake, chini ya vidole vyake, akarudi safu ya kwanza kila alipotaka. Nilimwona dirishani. Alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu anayesoma barua.

Alipita. Hakupita kwa maajabu, alipita tu, na Januari akabaki. Januari hiyo hiyo ikaja barua ya uhamisho, na aliyehamishwa alikuwa Madam. Alipelekwa shule moja ya Kabras, ndani kabisa ya miwa. Aliondoka siku ambayo mimi nilikuwa nyumbani na malaria. Nilipotoka kitandani chumba kilikuwa na kufuli, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameweka humo magunia ya maharagwe ya jikoni, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine wa kompyuta. Muhonja sasa yuko kidato cha nne. Muhula huu wa kwanza hisabati amesomewa tena, kwa mdomo, na amepata alama ambayo hakuniambia. Mtihani wa taifa ni mwaka huu. Huo ndio unaoamua kama ataenda chuo au atakaa sokoni na mama yake.

Leo, basi. Lubao, baada ya kanisa. Nilikuwa nimeshika jogoo wangu tayari nikasikia sauti.

"Huyu kuku amelala."

"Si kulara, Madam," muuzaji akasema. "Huyu ni mpore tu. Kuku mpore ni mtamu."

"Mpole? Mwinue tuone upole wake."

Mtandio, raba nyeupe zimekuwa za rangi ya udongo. Amekonda. Nikasimama mbele yake na sikuweza hata kusalimia. Yeye ndiye aliyeniona.

"Wewe," akasema. "Usiniambie. Wewe ni... wa Shinyalu."

Jina langu alikuwa amelisahau. Nilikaa naye chumba kile mwaka mzima. Niliumia kidogo, nasema ukweli, lakini nikasema, "Ndio, Madam, ni mimi wa Shinyalu."

Akauliza Muhonja yuko wapi. Nikamwambia yuko, kidato cha nne. Akauliza karatasi anasomaje. Nikamwambia wanamsomea. Akauliza mashine. Nikamwambia kuna maharagwe.

"Maharagwe gani?"

"Ya jikoni. Magunia."

"Kwenye chumba cha mashine? Panya watakula nyaya zote!" Watu wakageuka. Muuzaji akamrudisha kuku kifuani kama anayemkinga. "Nani alikubali? Hakuna aliyesema kitu?"

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwepo na sikusema, na nadhani aliliona hilo usoni kwangu. Nikasema haraka, "Madam, si uje hata Jumamosi moja? Ukizungumza na Mwalimu Mkuu..."

"Nije kama nani, mgeni?" Hasira ilikuwa imemtoka ghafla. "Nina hisabati na fizikia, madarasa yote. Stima haijafika kwetu. Tangu Januari sijagusa kibodi. Juzi nilitaka kumwonyesha msichana mmoja, kwa karatasi tu, herufi zilivyokaa." Alimchukua yule kuku kutoka kwa muuzaji, akaweka vidole vyote mgongoni mwake, juu ya manyoya, kama anayeanza kuandika. Vidole vikangoja. Havikwenda popote. Kuku alifumba macho. "Unaona? Vimesahau."

Nilitaka kulia, na nikakumbuka huwa anatoka watu wakilia, na hapa hapakuwa na mlango.

"Nani alikuwa ananisomea?" akauliza, kama anayejaribu kukumbuka kweli.

"Mimi."

"Na ile siku ya Lugari, ni nani alisema herufi zinabadilishana?"

"Mimi, Madam."

"Basi mbona unaniita mimi?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kisha gari la kwenda Malava, upande wa Kabras, likapiga honi, akalipa, akaondoka na kuku wake mpole chini ya kwapa bila kuniaga. Nilimsikia akimwambia utingo kwamba amepunjwa.

Giza linaingia. Mama ananiita nije nichambue mboga. Nitamalizia kesho.

Jumatatu. Leo asubuhi nilifika shuleni kabla ya kengele, nikasimama mlangoni pa Mwalimu Mkuu. Akauliza nataka nini. Nikasema ufunguo. Akasema sema kwa sauti, msichana, sikusikii. Nikasema naomba ufunguo wa chumba cha kompyuta, mtihani wa Muhonja uchapwe kwa nundu, mimi najua kusoma makosa na najua kujenga kwenye mashine tatu zilizobaki, na nikikwama nitaandika barua Kabras. Nilisema yote bila kuvuta pumzi. Akanitazama. Akasema na hayo maharagwe ayaweke wapi. Nikasema ukumbini, jukwaani nyuma ya pazia, ni pakavu. Akasema kazi hiyo nitaifanya na nani. Sikuwa nimefikiria. Muhonja, aliyekuwa amenisindikiza na kungoja kwenye korido, akasema kutoka huko, "Na mimi."

Ufunguo ulikuwa mgumu kufungua. Magunia ni mazito, yanashikwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa mbele lazima aende kinyumenyume. Nilikuwa najipanga kwenda mimi. Muhonja akanisukuma kwa kiwiko, akashika masikio ya gunia.

"Niachie huku," akasema. "Wewe ndiye utaanguka."

Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na mimi nikamfuata.